Karabai au betri ya volti 12? Mvuvi wa dagaa, piga hesabu kabla ya kubadili taa

UKISIMAMA Kibirizi au Katonga usiku wa giza, Ziwa Tanganyika huonekana kama mji mwingine. Taa za vipe, yaani mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na kubeba wavu katikati, hujipanga majini hadi upeo wa macho. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa mahali pa karabai panachukuliwa na taa za LED zinazotumia betri ya volti 12, ile ile inayowasha gari.

Wapo wavuvi waliobadili taa wakapata nafuu kubwa. Wapo pia waliouza karabai zao, wakakopa fedha za betri, na kabla ya miezi sita betri zikafa, wakabaki na deni bila taa. Tofauti ya makundi haya mawili mara nyingi haitokani na bahati. Inatokana na mambo matatu: hesabu, ufundi na makubaliano kati ya tajiri wa chombo na vibarua wake.

Makala haya yanajaribu kueleza mambo hayo matatu kwa mvuvi mdogo, na pia kwa mfanyabiashara anayefikiria kufungua kibanda cha kuchaji betri kwenye mwalo.

Tulikotoka

Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata mwanga. Ndiyo maana uvuvi wake hufanyika nyakati za giza na kusimama mbalamwezi inapokuwa kubwa. Wazee wa Ujiji na vijiji vya mwambao walivua kwa moto uliowashwa mtumbwini na wavu wa lusenga wa kuchotea. Karabai zilienea ziwani katika miaka ya 1950, wakati mmoja na nyavu kubwa zaidi, na uvuvi wa dagaa ukawa biashara iliyofika mbali na Kigoma.

Karabai ilifanya kazi yake vizuri, lakini ni taa yenye njaa. Ikiwaka usiku kucha hunywa lita moja ya mafuta au zaidi. Juu ya hapo kuna utambi unaokatika, kioo kinachopasuka kikipigwa na tone la maji ya baridi, na pampu inayotaka matengenezo kila mara.

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Lengo lilikuwa kukomesha uchakachuaji, yaani tabia ya kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini mvuvi wa dagaa ambaye hakuchakachua chochote naye aliguswa. Kuanzia hapo bei ya lita ikawa jambo la kuumiza kichwa kila jioni kabla ya kuingia ziwani.

Aidha, mafuta yana deni lake. Ni kawaida kwa mvuvi asiye na fedha mkononi kupewa mafuta na mnunuzi wa dagaa kwa masharti kwamba asubuhi atamuuzia yeye. Mafuta hayo huonekana kama msaada, lakini mvuvi hupoteza nafasi ya kutafuta bei nzuri. Ukiondoa mafuta kwenye uvuvi, umeondoa pia kamba hiyo shingoni. Lakini ukinunua betri kwa mkopo wa mtu huyo huyo, umebadili kamba nyembamba kwa kamba nene.

Hesabu ya msimu mmoja

Sisi wachumi wa kilimo tunayo njia rahisi ya kupima mabadiliko kama haya. Hatuandiki hesabu yote ya chombo. Tunaandika tu yale yanayobadilika: gharama gani inaondoka, gharama gani inaingia.

Tuchukue kipe chenye taa sita. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za mwalo wake.

Tuseme chombo kinavua usiku 20 kwa mwezi, kwa miezi tisa. Tumeacha miezi mitatu kwa sababu ya matengenezo na vipindi vya kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa hiyo msimu wetu ni wa usiku 180.

Kwa karabai: taa sita zikinywa lita moja kila moja, ni lita sita. Lita ikiwa Sh3,000, ni Sh18,000 kwa usiku. Ongeza Sh2,000 za utambi, vioo na vipuri. Jumla ni Sh20,000 kwa usiku, sawa na Sh3,600,000 kwa msimu.

Kwa betri: taa sita za LED za wati 20 kila moja kwa Sh30,000 ni Sh180,000. Betri mbili aina ya N100 kwa Sh350,000 ni Sh700,000. Nyaya, fyuzi, swichi na masanduku ya kuhifadhia betri ni Sh120,000. Mtaji wa kuanzia ni Sh1,000,000.

Kisha kuna gharama za kila siku. Kuchaji betri mbili kwa Sh2,000 kila moja ni Sh4,000, na bodaboda wa kuzipeleka na kuzirudisha Sh2,000. Jumla ni Sh6,000 kwa usiku, au Sh1,080,000 kwa msimu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona Sh20,000 zimeshuka hadi Sh6,000 na kudhani wamepata faida ya Sh14,000 kila usiku. Wamesahau kwamba betri inaliwa kidogo kidogo kama mafuta, ila haionekani ikipungua. Tukichukulia betri zinadumu msimu mmoja, na taa na nyaya misimu miwili, uchakavu wa msimu ni Sh700,000 jumlisha Sh150,000, yaani Sh850,000.

Hivyo gharama halisi ya taa za betri ni Sh1,930,000 kwa msimu. Ukilinganisha na Sh3,600,000 za karabai, nafuu ni Sh1,670,000. Ni fedha nzuri. Swali linalofuata ni nani anaipata.

Tajiri na vibarua

Katika mgawo uliozoeleka, mafuta ya taa hukatwa kwanza kwenye mauzo, kisha kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya mwenye chombo na vibarua. Maana yake ni kwamba karabai inalipiwa na wote. Betri, kwa upande mwingine, hununuliwa na mwenye chombo peke yake kwa fedha zake.

Tuseme mgawo ni nusu kwa nusu. Matumizi ya fedha taslimu yameshuka kwa Sh14,000 kwa usiku. Nusu, Sh7,000, inakwenda kwa tajiri na nusu kwa vibarua. Kwa usiku 180 kila upande unapata Sh1,260,000. Vibarua hawajatoa hata senti moja. Tajiri ametoa Sh1,000,000.

Betri zikidumu msimu mzima, tajiri amerudisha mtaji wake na kubaki na Sh260,000, akisubiri kununua betri nyingine. Lakini zikifa mwezi wa tano akalazimika kununua mpya kwa Sh700,000, atakuwa ametumia Sh1,700,000 ili kupata Sh1,260,000. Amepata hasara ya Sh440,000, huku vibarua wake wakisema kwamba mambo ni mazuri. Na kwa kweli kwao ni mazuri.

Tatizo jingine ni kwamba kibarua asiyelipia betri hana sababu kubwa ya kuitunza. Ataacha taa ziwake hadi zififie kabisa. Ataiweka kwenye maji yaliyo chini ya mtumbwi. Si kwamba ni mtu mbaya, bali mfumo wa mgawo haumpi sababu ya kufanya vinginevyo.

Dawa yake ni kukaa chini kabla ya kununua chochote na kukubaliana juu ya fungu la betri. Kila usiku wa kuvua, pamoja na Sh6,000 za kuchaji, zikatwe Sh5,000 kabla ya kugawana. Kwa usiku 180 fungu hilo linafika Sh900,000, kiasi kinachotosha kununua betri mpya na kuweka akiba ya taa na nyaya.

Makato yote yatakuwa Sh11,000 badala ya Sh20,000 za karabai. Nafuu ya Sh9,000 inayobaki inagawanywa, Sh4,500 kila upande. Tajiri anapata, vibarua wanapata, na betri inajilipia. Mkikubaliana zaidi kwamba betri zikidumu kupita msimu mmoja fungu lililobaki litagawanywa kwa wote, mtashangaa jinsi kila mtu atakavyozitunza.

Fungu hilo lisikae mfukoni mwa tajiri. Liwekwe kwenye SACCOS, VICOBA au akaunti ambayo wote wanaweza kuona salio lake.

Somo kutoka gari kuukuu

Kubadili chombo cha zamani kitumie nguvu mpya si jambo geni Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Bodi ni ya zamani, nguvu ni mpya.

Magari nayo yalipita njia hiyo. Magari mengi ya zamani yalitumia umeme wa volti 6. Katika miaka ya 1950 watengenezaji wengi walihamia volti 12, na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Pikipiki ndogo nyingi zilichelewa zaidi.

Sababu ya kuhama inamhusu mvuvi moja kwa moja. Taa zetu sita zina jumla ya wati 120. Kwa volti 6 zinahitaji ampea 20 zipite kwenye waya. Kwa volti 12 zinahitaji ampea 10 tu. Ampea zikipungua nusu, nguvu inayopotea kwa kuchemsha waya hupungua hadi robo. Taa inang'aa vizuri zaidi kwa waya ule ule.

Ndiyo maana mwenye gari la volti 6 anayelibadili kuwa volti 12 mara nyingi anaweza kubaki na nyaya zake kama bado ni nzima. Vinavyobadilishwa ni betri, balbu, koili, na dainamo pamoja na kidhibiti chake, au anafunga altaneta badala yake. Geji ya mafuta nayo huhitaji kupunguziwa volti isiungue. Tahadhari kubwa ni kwamba magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, si hasi kama ilivyo sasa. Fundi asipoangalia hilo, altaneta mpya itaungua mara tu betri ikiunganishwa.

Mvuvi achukue masomo mawili hapo. Kwanza, usichanganye volti. Betri ya pikipiki ya zamani ya volti 6 haiwezi kuwasha taa ya volti 12 inavyotakiwa, na taa ya volti 6 ikifungwa kwenye betri ya gari itaungua. Soma maandishi kwenye taa kabla ya kulipa. Pili, chanya na hasi si mchezo. Taa nyingi za LED hazitawaka, na nyingine zitakufa, ukizigeuzia nyaya. Tia rangi nyekundu kwenye ncha za chanya ili hata gizani kwa tochi ndogo mtu asikosee.

Ufungaji unaodumu

Kila betri ihudumie taa tatu, kila moja ikae kwenye mtumbwi wake. Taa tatu za wati 20 ni wati 60, yaani ampea 5. Zikiwaka saa 10 zinatumia ampea-saa 50, ambayo ni nusu ya betri ya N100. Faida nyingine ni kwamba betri moja ikigoma usiku wa manane, bado mnazo taa tatu za kumalizia kazi na kurudi nyumbani.

Neno muhimu hapo ni nusu. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, kisha ichajiwe mara moja. Haikutengenezwa kumalizwa kila usiku. Ukiishusha hadi mwisho, hata mara chache, risasi iliyo ndani yake hudhoofika na haitarudi ilivyokuwa. Zipo betri zilizotengenezwa kwa kazi ya sola ambazo huvumilia zaidi. Bei yake ni kubwa, lakini kwa mvuvi mara nyingi ndizo rahisi mwisho wa hesabu.

Nunua mita ndogo ya kupimia volti. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache bila taa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma chini ya 12 umekwishaanza kuila betri yenyewe. Mita hiyo pia itakuambia kama kibanda cha kuchaji kimekujazia betri au kimekuchukulia fedha tu.

Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na ncha ya chanya ya kila betri. Waya ukichubuka na kugusana, fyuzi itakatika badala ya waya kuwaka moto. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa njia kuu, si waya mwembamba wa spika. Maungio yafungwe vizuri na kupakwa grisi. Betri ikae kwenye sanduku lenye matundu ya hewa juu, lililoinuliwa kutoka sakafu ya mtumbwi na kufungwa kamba, kwa sababu dhoruba ya ziwa letu haipigi hodi.

Asubuhi betri iende kuchajiwa siku hiyo hiyo. Kwa chaja ya ampea 10, betri iliyotumika nusu huhitaji saa sita au saba. Betri zenye vifuniko ziongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi na wala si maji ya ziwa. Na wakati ziwa limefungwa, usiiache betri kwenye kona ya nyumba ikiwa tupu. Betri iliyokaa tupu miezi mitatu mara nyingi haifufuki. Ichaji ijae kabla ya kuihifadhi, kisha ichaji tena kila mwezi.

Nafasi kwa wafanyabiashara

Mwenye kibanda karibu na umeme anaweza kuchaji betri za vyombo kadhaa mchana, wakati wavuvi wamelala. Kwa vijiji vya mwambao wa kusini ambako usafiri ni wa boti, kubeba betri hadi mjini ni gharama isiyovumilika, hivyo paneli za sola kijijini ndizo jibu. Sifa ya biashara hii ni uaminifu. Mchaji anayempimia mteja volti mbele ya macho yake, wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, hatakosa wateja.

Mchaji anunue pia betri zilizokufa na kuziuza kwa wanaokusanya risasi kwa ajili ya kuyeyushwa viwandani. Betri isipasuliwe kijijini wala kutupwa majini. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na ziwa hili ndilo tunalovua na ndilo tunalokunywa.

Mwanga zaidi si samaki zaidi

Kwa kuwa taa za LED hazinywi mafuta, kuna kishawishi cha kuongeza taa kutoka sita hadi 12, kisha 20. Jirani akiona hivyo naye huongeza. Mwisho wake kila mmoja ametumia fedha nyingi na samaki ni wale wale, maana hakuna taa inayozaa dagaa.

Na ziwa lenyewe halina nguvu ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kisayansi la Nature ulionyesha kwamba joto la maji limeongezeka na kupunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, ambayo ndiyo huleta rutuba. Watafiti walikadiria kwamba hali hiyo huenda imepunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Desemba 2021 nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kusimamia uvuvi kwa pamoja. Kabla ya kununua taa, mwone Afisa Uvuvi au viongozi wa BMU wa mwalo wako, wakueleze kanuni zinasemaje kuhusu nguvu za taa na zana nyingine. Taa iliyokamatwa haina hesabu ya faida.

Kwa mvuvi anayeanza, ushauri ni huu: usiuze karabai zako siku ya kwanza. Anza na betri moja na taa tatu kwenye mtumbwi mmoja, karabai tatu zibaki upande wa pili. Vua giza moja zima ukiandika kwenye daftari kila usiku: mabeseni mangapi, mafuta kiasi gani, volti ngapi asubuhi. Mwisho wa mwezi litakuwa daftari lako, si muuza taa, litakalokuambia kama ununue betri ya pili.